Muosha Maiti na Visanduku vya Bundi

"Wee Bi Barke, hebu nambie kweli. Hiyo simu yako yakwambia ni nani afuataye?"

Aliyeuliza ni jirani yake, Jalila, alasiri moja wamekaa barazani Magogoni wanashona kofia. Aliuliza kwa mzaha, na wanawake wengine waliokuwa pale mkekani wakacheka. Lakini kicheko chenyewe hakikwenda mbali. Kilikatika kama uzi mbovu, kila mmoja akainamia kofia yake. Bi Barke naye alikuwa amecheka, kisha akajiona anacheka peke yake.

"Simu hainambii mtu, Jalila. Yanambia bundi amelia, basi."

"Na bundi akilia?"

"Akilia amelia. Ana njaa, au amwita mwenziwe. Wewe ukimwita mumeo, kuna mtu hufa?"

"Mimi nikimwita wangu hujifia yeye mwenyewe, asisikie!"

Hapo walicheka kweli. Ila swali halikuondoka. Bi Barke aliingia nalo ndani magharibi ilipoadhiniwa, akatawadha nalo, akasali, na baada ya kusali akalikuta bado limekaa.

Lingemuuma mtu mwingine kidogo tu, likapita. Yeye lilimkaa kwa sababu ya kazi yake. Kofia ndizo zilizompa chakula, lakini watu hawakumjua kwa kofia. Walimjua kwa kuosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki pale mtaani, mzee au kigori, mtu alitumwa mbio kwa Bi Barke, naye huacha sindano ilipo, akachukua mkoba wake wa pamba, kafuri na ubani, akaenda. Hakuchukua malipo. Alisema malipo yake yako mahali pake.

Aliyemfunza ni Bi Fatma, jirani wa nyumba ya pili, mama wa Ikhlas na Aqil. Barke alikuwa mke mchanga wakati huo, amefiwa na mama yake, amejikunyata pembeni mwa ukumbi hajui pa kushika. Bi Fatma alitoka chumbani na kanga kiunoni, akamshika mkono.

"Njoo umuoshe mama yako. Usiogope. Nani aliyekuosha wewe ulipozaliwa?"

Akaingia. Alifunzwa maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu maiti ni mtu na mtu hamwagiwi maji ya baridi. Alifunzwa majani ya mkunazi, na kafuri katika maji ya mwisho. Alifunzwa shuka lisiondoke mwilini, mkono upite chini yake. Na kubwa kuliko yote, alifunzwa kusitiri. Muosha huona mengi: makovu ambayo mume hakuyajua, alama za kupigwa, uso uliobadilika. Vyote hivyo huviacha mle chumbani pamoja na maji. Bi Fatma hakulisema hilo kwa ukali. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mwenziwe mahali pa kuweka viatu.

Miaka ilikwenda, Bi Fatma mikono ikaanza kutetemeka, kazi ikabaki kwa Barke. Siku moja mkongwe alimshika kidevu kama mtoto, akamwambia, "Zamu yangu ikifika, uje wewe. Sitaki mikono nisiyoijua."

"Inshallah, mama. Nikiwa hai, ni mimi."

Ahadi ile Barke aliiweka pamoja na sala zake. Hakuona ni nini duniani kingeweza kuizuia, isipokuwa yeye kutangulia.

Habari ya bundi ilianza pale Vivian alipokuja mtaani. Alikuwa binti wa Kigiriama, mtu wa Kaloleni, mpole, suruali imejaa vumbi la kutwa. Alikuwa akifanya kazi na watu wanaohesabu ndege waliosalia mjini, na alitafuta mtu wa kumwangalizia vyombo vyake. Alibisha hodi nyumba nyingi. Akitaja bundi, mlango hufungwa, wengine wakimtemea mate chini kwanza. Mwishowe Kahaso, muuza mboga wa pale njiani, akamwonea huruma.

"Nenda kwa yule mama muosha maiti," alimwambia. "Ambaye hakimbii maiti atakimbia ndege?"

Vivian akapiga hodi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Mbona wasimama juani?"

"Natafuta mtu wa kunitunzia visanduku vya kuwasikiliza bundi."

"Bundi wana maneno gani ya kusikilizwa?"

Vivian alicheka, na kwa kicheko kile Barke akampenda. Walikaa jikoni, binti akaeleza. Watu wa mjini wametega sumu ya panya kila pembe. Panya akila sumu hafi palepale, huzubaa njiani, na bundi humnyakua. Akishakula panya watatu wanne wa namna hiyo, bundi naye amekwisha. Wanaisha kimyakimya na hakuna ajuaye wamebaki wangapi. Kukesha kila pembe kuwasikiliza hakuwezekani, kwa hiyo vimetengenezwa visanduku vyenye masikio. Kisanduku husikia, na nyuma yake kuna mashine iliyofunzwa sauti kwa maelfu, mpaka ikajua huyu ni bundi, huyu ni kunguru, huyu ni paka, hii ni bodaboda.

"Wanaiita akili mnemba," Vivian alisema. "Ikimtambua bundi, itakuletea ujumbe kwenye simu. Kazi yako ni kufuta vumbi, kubadilisha betri, na kuniambia kama kimeanguka."

"Na ikikosea?"

"Hukosea. Ndiyo maana twaendelea kuifunza."

Barke alifikiri. Watoto wa mtaa wangemcheka, hilo alilijua. Lakini katika chuo cha Kurani tangu utotoni walisomeshwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuamini mkosi wa bundi. Tena panya walikuwa wamemtafunia kofia mbili zilizobakia kufungwa tu. Akakubali. Kisanduku kimoja kikafungwa kwenye mwarobaini wa uani kwake, kimoja kwenye ghorofa lisilokwisha ambako bundi wenyewe walitaga, na kimoja kwenye kisima cha zamani nyuma ya nyumba yake na ya Bi Fatma, kisichotekwa maji tena.

Mwanzoni ilikuwa furaha yake ndogo. Akisha kusali alfajiri hufungua simu, akakuta ujumbe wa usiku: Bundi amesikika, ghorofani. Bundi amesikika, mwarobaini. Akasema, "Alhamdulillahi, mngali hai," kisha akateleka chai.

Halafu akafariki Bi Mwanasha, mke wa Mzee Rashid, upande ule wa ghorofa. Siku hiyo Barke alikuwa barazani na Jalila, mchana mweupe. Simu ikatetemeka mkekani. Jalila, mwenye macho mepesi, akasoma kabla ya mwenyewe: Bundi amesikika, ghorofani.

"Huyo bundi wako halali?"

Hawajamaliza kulicheka hilo, mjukuu wa Mzee Rashid akatokea anahema. "Bi Barke! Bibi ametutoka!"

Jalila aliitazama ile simu, kisha akamtazama Barke. Neno alikuwa nalo. Alilisema baadaye, kwingi.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Raya, mke wa Aqil, alifariki hospitali akijifungua. Mtoto alisalimika. Barke alimwosha Raya, mwili mchanga, nywele bado zina harufu ya asumini. Aqil alisimama mlangoni na kitoto mkononi, macho makavu. Alibeba jeneza, akashuka kaburini yeye mwenyewe, akarudi akawapokea watu. Sheikh alimtaja mbele ya watu wote kuwa hiyo ndiyo subira, vijana na waige. Magharibi ilipokaribia, wanawake wamekaa kwenye matanga wamenyamaza, simu ya Barke ikatetemeka ndani ya mkoba: Bundi amesikika, kisimani.

Alitaka kuizima. Ikhlas, dada yake Aqil, alikuwa amekaa bega kwa bega naye, akaona.

"Bado hajashiba?" Ikhlas alinong'ona.

Wiki ileile Bi Fatma akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala.

Basi ndipo lilipozaliwa lile swali la Jalila, na kila aliyelirudia alilirudia kwa mzaha uliopungua. Watu walianza kupita mbali na mwarobaini. Mama mmoja aliyekuwa akimletea uzi wa kofia akawa anauacha kwa muuza duka. Aqil, aliyekuwa kijana wa salamu ndefu, akawa anapita bila kugeuka, na msikitini ndiye aliyesema visanduku vile viondolewe na bundi wa ghorofani wachomwe moto. Na msiba mwingine ulipotokea mwisho wa mtaa, Barke alisikia tangazo la msikiti, akachukua mkoba, akakaa kitini anangoja kuitwa. Alingoja mpaka akaona jeneza linapita. Walikuwa wameleta waoshaji kutoka mtaa wa Mishomoroni. Akarudisha ile pamba sandukuni, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa.

Kuachwa huko hakukumtisha kwa ajili yake. Kilichomtisha ni Bi Fatma.

Alikuwa akienda kumwona kila asubuhi na kibakuli cha uji. Mkongwe hakuweza kusema tena, ila akimwona Barke jicho la kulia hulainika. Barke humgeuza, akampaka mafuta mgongoni, akalizungukia lile bega la kushoto lililokuwa limeteguka na kuvimba, lisilotaka kuguswa. Asubuhi moja Ikhlas alimkuta mlangoni akavipokea vile viatu vyake alivyokuwa anavua, akamrudishia.

"Dada Barke, nakuheshimu, umenilea. Lakini usije tena."

"Ikhlas, mwanangu."

"Kila ukija na simu hiyo, roho yangu hutoka. Natazama mkoba wako ama namtazama mama? Niache nimuuguze kwa amani."

"Simu nitaiacha nyumbani."

"Si simu pekee. Watu wasema wewe wajua. Na mimi nikikutazama usoni naogopa nisije nikajua." Alikuwa analia. "Na siku ikifika, nishasema na wale wa Mishomoroni."

Barke alirudi kwake na uji wake. Ulipoa mezani hakuugusa.

Vivian alikuja kabla hajaitwa. Alikuwa ameketi na hesabu zake ofisini, akaona jambo lililomkereketa: bundi wa Magogoni walikuwa wakilia mchana. Si mara nyingi, lakini bundi wa namna ile halii mchana. Akachukua kompyuta yake ndogo akaja, na Barke alipomweleza yaliyotokea mtaani, binti aliweka kikombe chini asinywe tena.

"Mama, zile sauti zimehifadhiwa. Tuzisikilize pamoja."

Akamvisha visikizio. Ya kwanza ilikuwa ya usiku, bundi mwenyewe, sauti kali iliyokwaruza kama kitambaa cha marekani kinachopasuliwa kwa mikono. Barke akatikisa kichwa kukubali. Ya pili ilikuwa ya mchana ule aliofariki Bi Mwanasha. Ilianza hivyohivyo, mpasuko mrefu uliopanda juu, kisha ikavunjika, na ndani yake mkatoka neno: mama. Walikuwa ni mabinti wa Mzee Rashid. Mashine haikusikia mama. Ilisikia ule mpasuko tu, ikasema bundi.

"Walilia wao kwanza," Vivian alisema polepole, "ndipo ujumbe ukaja. Hakuna aliyeifunza mashine kilio cha mtu. Kosa ni letu, mama. Nisamehe."

"Iko nyingine. Ya kisimani."

Vivian akaiweka.

Barke aliisikiliza huku ameinamisha uso. Alikuwa mwanamume. Alikuwa amekwenda mahali alipodhani hakuna sikio ila la Mola wake, nyuma ya nyumba, penye kisima kisicho na watu, na hapo akaitoa yote aliyoizuia mbele ya jeneza. Alilia kama mtoto aliyeungua. Kati ya kilio alisema maneno, akamuuliza Mwenyezi Mungu mambo ambayo mja hapaswi kuyauliza kwa sauti ile. Barke alimjua tangu alipokuwa anatambaa. Alikuwa Aqil.

Alivivua visikizio kabla sauti haijaisha.

"Ni nani?" Vivian aliuliza.

"Mja wa Mungu."

"Lakini wamjua?"

Barke aliinuka akaenda kuchungulia chungu kisichokuwa na kitu motoni.

Vivian alikuwa na furaha ya mtu aliyepata dawa. Alitaka mkutano uitishwe uwanjani, aje na spika, watu wasikilizishwe sauti moja baada ya nyingine. Wenyewe watasikia ni vilio vyao. Maneno yataisha siku hiyohiyo, Bi Barke atarudi kwenye heshima yake na bundi wataachwa. Kisha vilio vile ataviingiza katika mafunzo ya mashine, ili ijue tofauti, isikosee tena mtaa wowote.

"Mashine hujifunza kwa mifano, mama. Bila mfano itarudia kosa."

"Na mwenye kilio?"

"Hatutaji jina."

"Mtaa huu mtu akikohoa twajua ni nani." Barke alikaa. "Vivian, mimi nikimwosha mtu, nikamkuta na kovu, nikatoka nikalisema, hata kwa kujiokoa mimi, je, kesho utaniamini na mama yako?"

"Hapana, mama."

"Basi."

"Lakini huyu yu hai. Na kilio chake ndicho kitakachokuokoa. Mama, wasema hawatakuita kwa Bi Fatma. Si ulimuahidi?"

"Nilimuahidi."

Barke alimwomba asimchezee mtu yeyote zile sauti mpaka wazungumze tena, na Vivian akakubali, ingawa alisema ofisini watamuuliza.

Barke alikuwa na njia moja, akaijaribu siku ya pili yake. Alikwenda kwa Ikhlas bila simu, bila mkoba, mikono mitupu. Ikhlas alimkaribisha uani kwa adabu. Aqil alikuwa amekaa kwenye kigoda anakitikisa kitoto chake kwa goti.

"Nimekuja kusema neno moja kisha niondoke," Barke alisema. "Ile mashine ilikosea. Haikusikia bundi zile siku. Ilisikia watu wakilia, ikadhani ni bundi. Kwa Bi Mwanasha walilia kwanza, ndipo simu ikasema. Haijui nani afa. Haijui kitu."

Ikhlas alitaka kuamini. Ilionekana usoni mwake kwamba anataka. Kisha uso ukafunga.

"Na kwa Raya?"

"Vilevile."

"Vilevile vipi? Msiba ulikuwa hapa, ukumbini. Simu yako ilisema kisimani. Nililiona neno lenyewe kwa macho yangu. Kisimani hakukuwa na mtu. Nani alikuwa akilia kisimani, dada Barke?"

Goti la Aqil likaacha kutikisika.

Barke aliliona lile goti. Aliona na mkono wake ulivyoshuka ukafunika masikio ya mtoto, kana kwamba kitoto ndicho kisichotakiwa kusikia. Aqil alikuwa amejua, wakati uleule, palepale. Uso wake ulikuwa chini na shingo imewiva. Kilichotakiwa ni yeye kusema neno moja, au Barke kulisema.

"Sijui," Barke akasema. Lilikuwa neno zito kinywani mwake, kwa sababu lilikuwa la uongo, na alimwomba Mungu msamaha hapohapo kimoyomoyo.

"Waona?" Ikhlas alisema, si kwa ushindi, kwa huzuni. "Huna jibu."

Aqil hakuinua macho. Barke aliaga, na alipopita mlango wa chumba cha Bi Fatma pazia lilikuwa limeshushwa.

Bi Fatma alifariki siku ya Ijumaa, jua limeshapanda. Barke hakulisikia kwa tangazo. Alilisikia kwa hodi, na alipofungua alimkuta Aqil, kofia mkononi, yule kijana aliyekuwa akipita bila kugeuka.

"Bi Barke. Mama ametutoka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Aliushika mlango. "Lini?"

"Sasa hivi. Wale wa Mishomoroni wako njiani. Ikhlas... Ikhlas amesema usije chumbani. Nikaona si vizuri ulisikie kwa watu."

"Umefanya vyema."

Alidhani ataondoka, hakuondoka. Aliizungusha ile kofia mkononi, na Barke akaitambua. Aliishona yeye, kwa ajili ya harusi yake.

"Bi Barke, ile habari ya kisimani."

"Aqil."

"Nikisema mimi, Ikhlas atakuita. Najua atakuita. Nimekuja nikitaka kusema, na ulimi..."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nyumba ya pili watu walikuwa wameanza kuingia, wazee wa msikiti, na yule sheikh aliyemsifu. Barke aliwaona juu ya bega lake. Alimwona na yeye alivyogeuka akawaona, alivyonyooka mgongo, uso ukakauka kama siku ile ya jeneza. Na alijua kwamba mtu huyu akilazimishwa kuyafungua yale leo, na mama yake yuko ndani hajafunikwa, hatasimama tena mbele ya watu wale.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Mama yako akungoja. Hayo mengine mimi sina habari nayo."

Aqil alisimama kidogo. Alitaka aambiwe jingine, au alitaka asiambiwe, ni yeye na nafsi yake. Kisha Ikhlas akamwita kutoka kule, naye akashuka kizingiti.

"Aqil!"

Akageuka.

"Waambie hao waoshaji, bega lake la kushoto wasilivute. Wamgeuze kwa upande wa kulia, polepole. Na maji yasiwe baridi."

"Nitawaambia."

Alifunga mlango. Alitia udhu, akafungua msahafu apate kumsomea Yasini, akaisoma mpaka alipofika mahali herufi zikaingiana. Akatoka uani. Kutoka nyumba ya pili alisikia ndoo inawekwa chini, akasikia maji yanamiminwa, na kila mmimino aliujua: sasa ni mkono wa kulia, sasa ni mguu, sasa wanamgeuza. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe hewani. Maji yalipokatika kabla ya wakati aliodhani yeye, ndipo akakaa chini ya ule mwarobaini, akajifunika uso kwa ukaya, na sauti ikamtoka.

Hakuwa mtu wa kulia kwa sauti. Katika vyumba vyote vile alivyoingia, yeye ndiye aliyewaambia wengine, nyamazeni, msimuudhi maiti. Sasa alilia kwa mama yake wa kwanza na huyu wa pili, na kwa ahadi iliyopita mlangoni pake isiingie. Hakuweza kujizuia, wala hakujaribu.

Alipotulia simu ilikuwa imetetemeka kibarazani. Bundi amesikika, mwarobaini.

Aliusoma ule ujumbe. Kisha alipangusa uso, akampigia Vivian.

"Abee, mama? Shikamoo. Vipi Bi Fatma?"

"Marahaba. Bi Fatma amekwenda, mwanangu. Wameshamwosha."

"Pole sana, mama. Walikuita?"

"La."

"Mama, bado naweza kuja. Hata leo. Nikiwasikilizisha ile moja tu—"

"Nisikilize, Vivian. Walikuuliza ofisini?"

"Waliniuliza. Nimewaambia nangojea neno lako. Lakini wanasema kweli, mama. Bila kilio cha mtu, mashine itaendelea kuwachanganya, na kwingine nako kuna muosha maiti kama wewe."

"Najua. Nimelifikiria hilo." Sauti yake ilikuwa bado nzito, lakini imenyooka. Nyumba ya pili wanaume walikuwa wanainua jeneza, na yeye akasimama, kwa heshima, simu sikioni.

"Vivian mwanangu, vilio vya watu vifute vyote, na uanze na kile cha kisimani, usibakishe hata kimoja. Mashine yako ikitaka kilio cha mfiwa, ifunze kwa hiki changu cha leo."